Mwanaume Aliyeamka Usiku: Imani, Uanaume na Siasa za Nguvu

MAZUNGUMZO YA WIKI

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

Hodi huko mliko, Nyarugusu, Nakivale na Kyangwali, Kakuma na Dzaleka, na ninyi mnaotusikiliza kwenye simu ya jirani kwa sababu redio yenu imeishiwa betri. Karibuni tukae pamoja.

Wiki kadhaa zilizopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa baba mmoja, mzaliwa wa Kivu ya Kusini. Alituomba tusitaje jina lake wala kambi yake, nasi tumekubali. Familia yake ilikuwa imemaliza hatua zote za kuhamishiwa Marekani. Mahojiano yalipita, vipimo vya afya vikapita, mafunzo ya maisha ya kule wakayamaliza. Sufuria wakagawia majirani, kuku wakauza. Mwezi wa Januari 2025 wakaambiwa safari imesimama. Mpaka leo wako pale pale, na sufuria wanaazima kwa wale wale waliowagawia.

Lakini baba huyu hakutuuliza juu ya safari. Swali lake lilikuwa hili. Amesikia kwamba waliomchagua rais aliyefunga mlango ni Wakristo, wanaoomba kama yeye anavyoomba. Na hapo kambini kuna mhubiri kijana anayesema rais huyo ndiye mfano wa mwanaume wa kweli, mwanaume asiyeyumba wala kuomba radhi. Watoto wake wa kiume wanampigia makofi mhubiri huyo. Baba anauliza: je, mimi niliyekimbia na watoto mgongoni, ninayepanga foleni ya mgao, ni mwanaume wa namna gani?

Ndugu msikilizaji, swali hili lilitunyamazisha studio nzima. Leo tutajaribu kulijibu. Nitangulize neno moja: kipindi hiki si cha chama chochote, na wananchi wa kila nchi wana haki ya kuchagua wanayemtaka. Kazi yetu ni kueleza mambo yalivyo ili usikilize kwa masikio yako mwenyewe. Na ndugu zetu Waislamu msiondoke. Mazungumzo yatataja Ukristo zaidi kwa sababu ndilo swali lililoulizwa, ila jambo lenyewe linapita kwenye kila dini.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na maana. Kuna aina ya siasa ambayo wataalamu huiita upopulisti. Kwa lugha ya kawaida, ni siasa inayowagawa watu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni "sisi", wananchi wa kweli, watu wema wa kazi, tulioonewa. Fungu la pili ni "wao", yaani wakubwa walioko juu waliotusaliti, na pamoja nao wageni wanaokuja kula chakula chetu. Kisha anasimama mtu mmoja na kusema: mimi peke yangu ndiye sauti yenu. Siasa hiyo inaweza kuwa ya mrengo wowote, kulia au kushoto. Na mara nyingi malalamiko inayoanza nayo ni ya kweli kabisa. Watu kweli wamepoteza kazi, kweli wamedharauliwa. Ndiyo maana inasikilizwa.

Sasa uanaume unaingiaje? Na kanisa linaingiaje? Tuangalie Marekani, kwa sababu ndiko swali letu lilikoelekezwa.

Wasiwasi juu ya wanaume na kanisa ni wa zamani. Katika karne ya 19, Uingereza na kisha Marekani, viongozi wengi wa Kiprotestanti waliona kwamba viti vya kanisa vimejaa wanawake, na vijana wa kiume wamehamia mijini viwandani, wako kwenye vilabu vya pombe. Wakasema tumhubiri Kristo mwenye misuli. Chama cha YMCA, ambacho wengi mnakijua, kilianzishwa London mwaka 1844 ili kuwasaidia vijana wafanyakazi wa mjini, na baadaye kikawa maarufu kwa michezo na mazoezi ya mwili. Mwanzoni mwa karne ya 20 kule Marekani alikuwepo mhubiri Billy Sunday, aliyekuwa mchezaji wa besiboli. Alikimbia na kuruka jukwaani, akawaambia watu kwamba Yesu hakuwa mtu legelege.

Ukija karibu zaidi, mwaka 1990 kocha wa mpira wa chuo kikuu cha Colorado, Bill McCartney, alianzisha chama cha wanaume Wakristo kilichoitwa Promise Keepers, maana yake watunza ahadi. Tarehe 4 Oktoba 1997 walikusanya mamia ya maelfu ya wanaume katikati ya mji wa Washington. Walilia hadharani, walitubu, wakaahidi kurudi nyumbani kulea watoto wao na kuwa waaminifu kwa wake zao. Chama kilihimiza pia wanaume weupe na weusi wapatane. Kulikuwa na wanawake waliokipinga, wakisema kinamrudisha mume kuwa bosi wa nyumba. Lakini wapo wake wengi walioshukuru kwamba mume ameacha ulevi.

Natoa historia hii ili tuwe waadilifu. Kanisa linapozungumza na wanaume juu ya uanaume, hilo peke yake si kosa. Wanaume wanahitaji kuzungumziwa. Linaloamua ni kile wanachoelekezwa kukifanya na nguvu zao.

Katika miaka hiyo hiyo, mambo mengine yalikuwa yanabadilika Marekani. Viwanda vilifungwa katika miji mingi. Baba aliyelisha familia kwa mshahara mmoja wa kiwandani akaona mwanawe hawezi. Wanawake walisoma, wakaingia kazini, wengine wakapata kipato kuliko waume zao. Dawa za kulevya zikaingia vijijini. Idadi ya wanaokwenda kanisani ikashuka. Kwa Wakristo wengi weupe, hasa wale wanaoitwa wa kiinjili, ilikuwa kama nyumba inabomoka ukuta baada ya ukuta, na wanaocheka ni wasomi wa mjini.

Hapo ndipo alipoingia Donald Trump mwaka 2016. Hakuwa mtu wa kanisa kwa sifa. Alikuwa tajiri wa majengo na wa televisheni, ameoa mara tatu. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi ilitoka sauti yake iliyorekodiwa mwaka 2005, akiwazungumzia wanawake kwa maneno ya kuudhi. Aliomba radhi kwa hilo, akaendelea na kampeni. Siku ya kura, karibu wanane kati ya kila Wakristo wa kiinjili kumi walio weupe walimpigia yeye.

Kwa nini? Ukiwauliza wenyewe, wengi watakupa sababu ambazo si za ajabu. Walitaka majaji wa Mahakama ya Juu watakaopinga utoaji mimba. Aliwapa majaji hao, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikaondoa haki ya utoaji mimba iliyokuwa inalindwa nchi nzima. Walitaka mipaka yenye utaratibu, walitaka kazi. Hizo ni hoja za kisiasa, na mtu mwema anaweza kuwa nazo.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo inagusa swali la baba yetu. Mchungaji mmoja maarufu wa Kibaptisti mjini Dallas, Robert Jeffress, alisema waziwazi kwamba katika kumtafuta kiongozi wa kulinda nchi hamtafuti mtu mpole. Anamtaka mkali kuliko wote. Yaani, upole wa Yesu ni wa kanisani na nyumbani. Ikulu inahitaji mbabe. Mwaka 2020 mwanahistoria Mkristo, Kristin Kobes Du Mez, alitoa kitabu akieleza jinsi vitabu, mikutano na sinema vilivyofundisha kanisa la kiinjili, kwa zaidi ya miaka hamsini, kumpenda mwanaume wa aina hiyo: shujaa mwenye bunduki, mlinzi asiyeulizwa. Kwa maelezo yake, Wakristo hao hawakumkubali Trump huku wamefumba macho. Alikuwa anafanana na picha waliyokwisha kuichora.

Tarehe 13 Julai 2024, huko Butler, Pennsylvania, Trump alipigwa risasi akiwa jukwaani. Ikamjeruhi sikio. Kabla walinzi hawajamwondoa, alisimama damu ikimtiririka usoni, akanyoosha ngumi juu. Mtu mmoja katika wasikilizaji aliuawa siku ile. Picha ya ngumi ilizunguka dunia nzima, bila shaka hata ninyi mliiona. Siku chache baadaye chama chake kilifanya mkutano mkuu. Hulk Hogan, mpiganaji wa mieleka, alipanda jukwaani akachana fulana yake kifuani, umati ukashangilia. Na alipoapishwa tarehe 20 Januari 2025, Trump mwenyewe alisema Mungu alimwokoa ili aifanye Marekani kuwa kuu tena.

Angalia basi jinsi nyuzi tatu zilivyosokotwa kuwa kamba moja. Wananchi walioonewa wamepata mtetezi. Mtetezi ni mwanaume wa ngumi. Na ngumi hiyo imebarikiwa na Mungu. Ukishaisokota hivyo, anayempinga kiongozi anaonekana anampinga Mungu. Na anayeomba huruma anaonekana si mwanaume.

(Muziki mfupi.)

Siku ile ile ya kuapishwa, rais alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, kuanzia tarehe 27 Januari. Maelfu ya watu waliokuwa na tiketi walifutiwa safari. Katika mwaka wa fedha uliotangulia, ule wa 2024, Marekani ilikuwa imepokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na waliotoka Congo walikuwa wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025, kikomo kiliwekwa watu 7,500, na ikatangazwa kwamba nafasi nyingi ni za Makaburu weupe wa Afrika Kusini. Serikali ilisema inalinda usalama na rasilimali za wananchi wake, na kwamba Makaburu wanabaguliwa kwao. Serikali ya Afrika Kusini ilikataa madai hayo.

Siku moja baada ya kuapishwa, tarehe 21 Januari, kulikuwa na ibada katika kanisa kuu la Kianglikana mjini Washington. Askofu Mariann Edgar Budde alikuwa mimbarani, na rais ameketi mbele yake. Kwa sauti ya chini, bila kukemea, alimwomba rais awaonee huruma watu wenye hofu, wakiwemo wahamiaji na wanaokimbia vita na mateso. Rais alimjibu baadaye kwa maandishi, akamtaka aombe radhi. Wapo waliosema kosa la kwanza ni mwanamke kusimama mimbarani.

Siku zile zile Makamu wa Rais J. D. Vance, Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 2019, alitoa hoja nyingine. Alisema Ukristo una mpangilio wa upendo: unaanza na familia yako, kisha jirani, kisha jamii yako, kisha wananchi wenzako, na baada ya hapo ndipo ulimwengu. Hoja hii ina mizizi ya kale, inarudi mpaka kwa Mtakatifu Augustino, ambaye ni mwana wa Afrika ya Kaskazini. Na tuseme ukweli, hata sisi tunaishi hivyo. Mama akipata kilo moja ya unga, ataanza na watoto wake.

Tarehe 10 Februari Papa Fransisko aliwaandikia barua maaskofu wa Marekani. Alisema mpangilio wa kweli wa upendo tutaugundua tukitafakari hadithi ya Msamaria mwema. Mnaijua hadithi hiyo. Mtu amepigwa na majambazi barabarani, watu wa dini yake wanapita pembeni, anayemhudumia ni mgeni wa kabila lisilopendwa. Mama anaanza na watoto wake, sawa, lakini anayekufa mlangoni pake hamruki.

Kwa hiyo, baba uliyetuuliza, jibu la sehemu ya kwanza ni hili: Wakristo wa kule hawakusema kwa sauti moja. Wamarekani weusi Waprotestanti, wengi wao mno, walipiga kura upande mwingine. Russell Moore, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa Wabaptisti wa Kusini, alimpinga Trump tangu mwanzo, mpaka mwaka 2021 akaacha nafasi yake. Shirika la World Relief, lililozaliwa mwaka 1944 ndani ya umoja wa makanisa ya kiinjili, limeendelea kuwatetea wakimbizi. Mwezi wa Februari 2025, Church World Service la makanisa, HIAS la Wayahudi, na shirika moja la Kilutheri, pamoja na wakimbizi wenyewe, walikwenda mahakamani Seattle. Jaji alitoa amri ya kuzuia agizo la rais, kisha mahakama ya rufaa ikaipunguza sana amri hiyo. Na Mei 2025 Kanisa la Episkopali liliombwa na serikali kusaidia kuwapokea Makaburu. Kanisa likakataa, likasema haliwezi kuona kundi moja linaruka foleni wakati wengine wamesubiri miaka kambini, likavunja mkataba wake na serikali.

Huenda hayo hayajakurudishia safari yako. Lakini usiwafundishe watoto wako kwamba Wakristo wote wa kule walikutupa, kwa sababu si kweli.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwetu, maana jibu la sehemu ya pili liko kambini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti kutoka Denmark, Simon Turner, aliishi na kufanya utafiti katika kambi ya Lukole, wilaya ya Ngara, Tanzania, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi. Alisikia lalamiko moja likirudiwa na wanaume: kwamba siku hizi wanawake wanaona HCR ndiyo mume bora. HCR inaleta unga, inaleta sabuni, inaleta turubai. Mume analeta nini? Turner aliona pia kwamba vijana wengine walipata heshima mpya kwa kuwa viongozi wa mitaa au kuajiriwa na mashirika, na wengine waliitafuta katika vyama vya siasa vilivyoendeshwa kwa siri.

Ni zaidi ya miaka ishirini na mitano sasa, Lukole ilishafungwa, lakini ninyi mnaosikiliza mnajua maneno yale bado ni mabichi. Mwanaume aliyekuwa na shamba, ng'ombe au karakana anakaa kijiweni toka asubuhi. Kadi ya mgao ina jina la mkewe. Mgao umepunguzwa, na amekatazwa kutoka nje ya kambi kutafuta kibarua. Jioni mtoto anaomba daftari. Baba anageuza uso. Hapo ndipo hasira inapoingia ndani, na mara nyingi inaishia mgongoni kwa mama.

Mwanaume mwenye kidonda kama hicho akisikia sauti inayomwambia, "Wewe ni simba, walikunyang'anya, inuka," atasimama. Ni yule yule mfanyakazi wa kiwanda kilichofungwa Marekani. Anazungumza lugha nyingine, lakini kidonda ni kimoja. Kwa hiyo tusiwacheke wale, na tusiwacheke vijana wetu wanaompigia mhubiri makofi.

Ila eneo letu limeshaona kamba hii inapovutwa mpaka mwisho. Desemba 1990, gazeti la Kangura nchini Rwanda lilichapa maandishi waliyoyaita amri kumi. Angalia jina: amri kumi, katika nchi ambayo wengi walikuwa Wakristo wanaozijua amri za Musa. Amri za mwanzo kabisa zilihusu wanawake. Mwanaume Mhutu anayeoa Mtutsi, au kumfanya katibu wake, aliitwa msaliti. Na mbele zaidi iliandikwa kwamba Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Aliyekuwa mhariri wa gazeti hilo alihukumiwa baadaye na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1994, watu walikuwa wameuawa hata ndani ya makanisa walikokimbilia, kama pale Nyamata.

Nisikilizeni vizuri. Sisemi Marekani ni Rwanda ya 1994. Kusema hivyo ni uongo, na ni kuwakosea waliokufa. Kule watu wanapinga amri mahakamani, wanapiga kura, askofu anasema mbele ya rais na kurudi nyumbani salama. Ninalosema ni dogo zaidi: tumejifunza kwa gharama kubwa kwamba siku huruma inapoitwa udhaifu, au inapoitwa dhambi, inabidi watu wakae chini waulizane tunakwenda wapi. Kule Marekani vimetoka vitabu vya waandishi Wakristo vinavyoonya juu ya hatari ya huruma. Wao wanaeleza kwamba hisia zinaweza kumpofusha mtu asiuone ukweli, na kuna wakati hilo hutokea. Lakini sisi tunajua pia mtu anayekaa bila hisia anachoweza kufanya.

Vijana wangu, sitawaambia msimsikilize nani. Nawapa maswali matatu ya kubeba mfukoni. Akija mtu mwenye Kitabu mkono mmoja na ngumi mkono wa pili, awe mwanasiasa, mhubiri au mkuu wa kundi lenye silaha, jiulize. Kwanza: anasema adui yangu ni nani, na je, huyo adui ndiye kweli aliyechukua shamba langu, au ni maskini mwenzangu wa kabila lingine? Pili: gharama ya maneno yake atailipa nani? Je, mwanawe naye yuko mstari wa mbele, au ni mimi tu? Tatu: ninapotoka kwenye mkutano wake, ninakuwa mwema zaidi kwa mama yangu, dada zangu, jirani yangu, au ninarudi nyumbani nikitafuta wa kumpiga?

(Kimya kifupi.)

Tumalizie na baba yetu. Uliuliza wewe ni mwanaume wa namna gani.

Katika Injili kuna mwanaume mmoja ambaye hakuna neno lake hata moja lililoandikwa. Ni Yosefu, fundi seremala. Mfalme wa nchi yake alikuwa mtu wa nguvu, ana askari, na aliogopa mtoto mchanga. Yosefu alionywa usiku katika ndoto. Hakusubiri mapambazuko. Alimwamsha mke wake, wakamchukua mtoto, wakavuka mpaka kuingia Misri. Fikiria asubuhi yake ya kwanza kule. Hana karakana, hana wateja, lugha hajui vizuri, na huenda mtu alimtazama akasema, tazama mwanaume aliyekimbia. Kama angebaki nyumbani kuonyesha ubabe, mtoto angeuawa.

Ndugu zetu Waislamu nao wana kumbukumbu kama hiyo. Waumini wa kwanza walioteswa Makka walivuka bahari wakaenda Habasha, na mfalme Mkristo wa huko akawapa hifadhi, akakataa kuwarudisha kwa waliowafuata. Walikimbia, na hakuna anayewaita waoga. Naye mfalme alikuwa na nguvu, akazitumia kumkinga mgeni.

Baba, usiku ule ulipobeba watoto, ulikuwa mwanaume. Kwenye foleni ya mgao, jua kali, kibali mkononi, ni mwanaume yule yule. Waambie wanao jinsi mlivyotoka. Waambie njia mliyopita, mto mliovuka, nani alibeba nani, na mama yao alifanya nini, maana naye alibeba. Kijana anayejua habari za baba yake hatafuti baba mwingine jukwaani kwa haraka. Na mhubiri kijana, ukiwa unatusikiliza, hatukugombezi. Tunakuomba jambo moja: Jumapili ijayo, uwahubirie wanaume juu ya Yosefu.

Kabla hatujaagana, mambo matatu ya kufanya.

Moja, kesi yako ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Habari ya kweli itatoka ofisi ya UNHCR au shirika linaloshughulikia kesi yako, kupitia dawati la maulizo. Huduma hizo ni bure. Mtu yeyote anayekuambia ulipe ili jina lako lirudi kwenye orodha ni tapeli, hata akikuombea kwanza. Mripoti. Na usiuze kitu chochote kwa sababu ya uvumi wa safari.

Mbili, kama kuna kipigo nyumbani, mama, usikae nacho. Nenda dawati la ulinzi au kituo cha afya, watakusikiliza bila kutangaza habari zako. Na wewe baba unayejiona mkono unainuka, toka nje, nenda kwa rafiki unayemwamini, zungumza. Kusema "nimeelemewa" hakukupunguzii kitu.

Tatu, wazee wa mitaa, wachungaji, maimamu. Anzisheni kikao cha wanaume, hata mara moja kwa mwezi, chini ya mti. Siku hiyo siasa ziwekwe kando, kila mmoja aseme amebeba nini. Mkikifanya, tutumieni ujumbe wa sauti tusikie mlivyozungumza.

Baba wa Kivu ya Kusini, asante kwa swali lako. Sufuria mlizoazima, Mungu azijaze. Wapendwa wasikilizaji, tukutane wiki ijayo, wakati kama huu. Usiku mwema.

(Muziki wa kufunga.)